Wifi anataka tunywe lita nne za maji kwa siku, mimi kichwa kinaniuma

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka arobaini na moja, nimeolewa, nina watoto watatu, naishi Mbagala. Nauza vitenge katika duka la mtu Kariakoo. Naomba jina langu lisitoke, maana wengi nitakaowataja hapa wanasoma safu yako.

Niko kwenye kikoba cha wanawake ishirini na kitu. Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mwezi Januari, joto la Dar likiwa limetushika kooni, alileta wazo la changamoto ya maji: kila mwanachama anywe lita nne kila siku kwa mwezi mzima, na kabla ya saa nne usiku atume kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya chupa zake zikiwa tupu. Asiyetuma analipa faini ya shilingi elfu mbili. Alisema ngozi zitang'aa, matumbo yatapungua na sumu zote zitatoka mwilini. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa moyo wote.

Nisiseme uongo, faida nimeiona. Zamani nilikuwa nashinda dukani na chai ya asubuhi na soda moja ya mchana. Choo kilikuwa kigumu mpaka natoka machozi. Sasa napata choo vizuri na soda nimeiacha. Halafu jioni tukitumiana picha tunacheka, tunatiana moyo. Kuna mama mmoja alifiwa na mumewe mwaka jana, akawa hasemi na mtu. Siku hizi yeye ndiye anayetuma ujumbe wa sauti kutuhimiza. Muda mrefu sijajisikia niko na wenzangu namna hii.

Tatizo ni mwili. Dukani sinywi sana, kwa sababu choo ni cha kulipia, kiko mtaa wa pili, na nikitoka namwachia duka kijana ambaye tajiri hamwamini. Njiani napo kuna foleni. Kwa hiyo maji mengi nayanywa nikishafika nyumbani. Kati ya saa mbili na saa nne usiku namaliza kama lita mbili na nusu. Usiku naamka tena na tena. Choo chetu kiko uani, wapangaji wote tunatumia hicho hicho, na mume wangu inabidi anisindikize. Ameanza kununa.

Sasa kichwa kinauma karibu kila usiku, nasikia kichefuchefu, na juzi dukani chenji ya mteja nilihesabu, ikanipotea, nikahesabu tena, ikanipotea. Nilimwambia wifi kuhusu kichwa, akasema hiyo ndiyo sumu inatoka, nisikate tamaa. Mwanachama mwingine akaniambia nitie chumvi kidogo kwenye maji.

Wasichokijua ni kwamba nina presha. Iligundulika baada ya uzazi wangu wa mwisho, na kila asubuhi nameza kidonge, kile cha kukojosha. Anayejua ni mume wangu peke yake. Mke wa shemeji yangu alipougua, nilisikia kwa masikio yangu yaliyosemwa jikoni, kwamba kaka yao ameletewa mzigo. Sitaki na mimi nisemwe. Lakini pia wifi huyu huyu ndiye aliyenidhamini mkopo wa kikoba mwanangu alipolazwa, na mkopo wenyewe sijaumaliza.

Nikijitoa nitaonekana nina dharau. Nikitaja sababu, siri imetoka. Nikiendelea, naogopa. Mume wangu anasema nimwage maji, nipige picha, nilale. Nifanyeje mama?

Mwanakikoba, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa pamoja: mwili wako na wifi yako. Naomba niyafungue. La wifi lina njia zaidi ya moja na nitazipitia pamoja nawe. La mwili haliwezi kungoja, ndiyo maana naanza nalo.

Unywaji ule wa saa mbili hadi saa nne usiku usirudiwe, kuanzia leo. Kunywa ukisikia kiu, inatosha. Na kesho asubuhi, kabla ya duka, nenda kituo unakochukulia dawa zako. Waeleze ulivyonieleza mimi: maji kiasi gani, saa ngapi, kidonge gani, na ile chenji iliyokupotea. Omba wakupime presha na wakupime damu kuona kiwango cha sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi. Kama kituo hakina kipimo hicho, waombe wakuelekeze kilipo. Kidonge chenyewe usikiache kwa uamuzi wako. Anayeweza kukibadilisha ni daktari.

Nakuambia hivi kwa sababu moja. Figo za mtu mzima mwenye afya zinaweza kutoa maji kati ya mililita 800 na lita moja kwa saa. Wewe unaingiza lita mbili na nusu ndani ya saa mbili, juu ya figo ambazo tayari zina kazi nyingine. Dawa nyingi za kukojosha zinazotolewa kwa presha ni za jamii ya thiazaidi, na huenda pakiti yako ina jina linaloanzia na "bendro" au "haidroklo". Dawa hizi zinafanya figo zitoe chumvi pamoja na mkojo, na wakati huohuo zinazipunguzia figo uwezo wa kutoa maji yaliyozidi. Chumvi inatoka, maji yanaingia, damu inakuwa kama mchuzi uliozidishwa maji. Kwa kawaida sodiamu ya damu hukaa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita. Ikishuka chini ya hapo, maji hukimbilia ndani ya seli nazo zinavimba. Viungo vingi vina nafasi ya kuvimba kidogo. Ubongo hauna, umezungukwa na fuvu. Hapo ndipo huja kichwa kuuma, kichefuchefu, mawazo kutokaa sawa, na hali ikizidi, degedege na kupoteza fahamu.

Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho. Presha iliyopanda nayo inaumiza kichwa, usingizi uliokatikakatika nao unapoteza hesabu ya chenji, na kwetu malaria haiko mbali kamwe. Ndiyo maana nataka kipimo, tusikisie mimi na wewe kwenye karatasi.

Tumelelewa na kauli ya "maji ni uhai", na ni ya kweli kabisa. Kwa hiyo haituingii akilini kwamba maji safi, yaliyochemshwa vizuri, yanaweza kumdhuru mtu. Lakini yamewahi kuua. Januari 2007 huko Sacramento, California, kituo cha redio kiliendesha shindano la kunywa maji bila kwenda haja ndogo, na mama mmoja wa watoto watatu, mwenye miaka 28, alikufa siku hiyohiyo. Alikuwa analalamika kichwa. Na kwenye mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza. 13 katika kila 100 sodiamu yao ilikuwa imeshuka, na mojawapo ya mambo yaliyoongeza hatari ni kunywa kupita kiasi hadi mtu anamaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza. Hao ni wakimbiaji, watu wenye afya zao.

Na ile chumvi usiitie. Mwenzako amekuambia kwa nia njema, lakini hajui kwamba una presha, na chumvi ya ziada kwa mwenye presha ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Sasa hizi lita nne zimetoka wapi? Wifi yako hakuzitunga. Mwaka 2019 Mmarekani mmoja, Andy Frisella, alianzisha changamoto ya siku 75 ambayo sharti lake mojawapo ni galoni moja ya maji kila siku, yaani kama lita 3.8, na tangu hapo kipimo hicho kimezunguka dunia kwenye simu za watu. Kabla yake kulikuwa na kauli ya glasi nane kwa siku. Wengi wanaamini kwamba hizo glasi nane zilianzia mwaka 1945, pale bodi ya lishe ya Marekani ilipoandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita mbili na nusu kwa siku. Sentensi nyingine papo hapo ilisema sehemu kubwa ya maji hayo imo ndani ya chakula. Ya kwanza ikasambaa, ya pili ikasahauliwa.

Mwaka 2004 wataalamu wa huko huko waliweka lita 2.7 kwa mwanamke mzima, wakihesabu kila kitu: maji, chai, uji, mchuzi, tikiti, chungwa. Wenzao wa Ulaya mwaka 2010 waliweka lita mbili, nao wakihesabu vilevile. Dar ya Januari si Ulaya, najua, jasho linakutoka hata umekaa. Lakini hebu mwangalie mbeba mizigo anayepita mbele ya duka lako na roba kichwani tangu alfajiri, halafu jiangalie wewe uliyekaa chini ya feni. Kweli mnywe sawa? Utafiti uliotolewa mwaka 2022, uliopima watu zaidi ya 5,600 wa nchi 23, ulionyesha kwamba mahitaji yanatofautiana mno kwa umri, kazi, joto na ukubwa wa mwili, kiasi kwamba kipimo kimoja cha wote hakishiki. Kwa aliye mzima, kiu na rangi ya mkojo vinatosha kumwongoza: ukiwa wa njano hafifu, uko vizuri. Wewe unayemeza dawa ya kukojosha, kipimo chako kitoke kwa daktari, na swali la kumuuliza ni fupi: "Kwa dawa hii na joto hili, ninywe kiasi gani, na kwa mpangilio gani?"

Kuhusu sumu, mwanangu, ini na figo zinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kungoja picha ya WhatsApp. Maumivu ya kichwa hayajawahi kuwa dalili ya kusafishwa. Mtu akikuambia hivyo tena, usibishane naye, ila usimwamini.

Hayo nimeyasema kwa ukali kidogo. Sasa nishushe sauti, maana sitaki utoke hapa ukidhani ulilolifanya lote lilikuwa baya. Ulikuwa unashinda na chai na soda. Mwili wako ulihitaji maji, na ulipoyapata ulikushukuru: choo kimelainika, sukari ya soda imepungua. Maji yana kazi zake za kweli. Yanawasaidia wenye historia ya mawe kwenye figo, na wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya mkojo huku wakinywa kidogo hupata nafuu wakiongeza. Ninachokuuliza ni hiki: unadhani ni lita ya ngapi iliyokupa faida hiyo? Ya kwanza na ya pili, au ya nne unayoilazimisha usiku? Naona mazuri yote uliyoyaandika yanaweza kubaki nawe hata ukipunguza nusu. Na zuri kubwa kuliko yote, wenzako, halimo kwenye chupa.

Haya, wifi.

Wengine wangekuandikia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sitakutupia methali hiyo, kwa sababu siri yako ina sababu na sababu hiyo uliisikia kwa masikio yako jikoni. Mwanamke aliyeolewa ndani ya ukoo mkubwa anajua neno moja linavyoweza kukaa miaka. Lakini nikuulize: yaliyosemwa kuhusu mke wa shemeji yako, wifi yako aliyasema yeye, au alikuwepo tu? Kwenye barua hukutaja. Mtu aliyekudhamini mkopo mwanao akiwa kitandani, huenda ana upande ambao hofu yako haijaupa nafasi. Huenda pia hana. Wewe ndiye unayemjua.

Nakuuliza pia kuhusu hilo la dharau. Je, kuna mwanachama aliyewahi kukosa kutuma picha, akalipa faini yake, akaendelea kuketi na wenzake? Kama yupo, alitazamwaje? Mara nyingi tunaogopa hukumu ambayo hakuna aliyeitoa.

Nikitazama njia ulizo nazo, ya mume wako ndiyo nyepesi: mwaga, piga picha, lala. Naelewa, ni mwanaume aliyechoka kusimama uani usiku wa manane, na mwili wako utapona hivyo. Ila kila jioni utakuwa unawatumia uongo wanawake unaowapenda, na yule mama mfiwa atakuwa anakupongeza kwa kitu hukukifanya. Nadhani ndiyo sababu umeniandikia badala ya kumsikiliza mume wako.

Unaweza kulipa faini kimyakimya mpaka mwezi uishe. Utakuwa umenunua amani kwa elfu mbili mbili, na kwa mshahara wa dukani si ndogo ukiwa na mkopo. Na kimya huzaa maswali.

Unaweza kumwambia wifi peke yake, uso kwa uso, si kwenye simu. Mchukue siku isiyo ya kikao, mkae. Hatari yake unaijua: neno likifika kwa mama mkwe, halirudi. Faida yake ni kwamba kama ni mtu wa kushika siri, utapata mtu wa pili wa kukubebea, na huwezi kujua leo utamhitaji lini.

Kuna na njia iliyo katikati, ambayo wanawake wengi waliokaa kwenye kiti cha mbele yangu waliiona inawafaa. Usitaje ugonjwa. Sema hivi: "Wifi, nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa, wamenipa kipimo changu cha maji, nimekatazwa kuzidisha. Naomba nitume picha ya chupa za kipimo changu." Si uongo, maana kesho utakuwa umekwenda kweli. Atauliza kwa nini? Huenda. Jibu la "wanaendelea kuniangalia" ni la kweli pia. Udhaifu wake ni kwamba wifi mjanja atahisi, na utakuwa umemwachia nafasi ya kubuni.

Usimtume mume wako aende kukusemea. Mambo ya kaka na dada yake yana mizizi ya zamani usiyoijua, na ombi lako dogo linaweza kuamsha makubwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika, kwa sababu sitaki likuelemee. Kikoba chenu kina wanawake ishirini na kitu. Kwa idadi hiyo, sidhani wewe ndiye pekee unayemeza kidonge kwa siri. Anaweza kuwepo mwenye moyo unaochoka au figo zilizoanza kushindwa, ambaye daktari alimwambia apunguze maji, naye kila usiku anatuma picha ya chupa tupu kwa hofu kama yako. Huna wajibu wa kutoa siri yako ili kumwokoa. Lakini ukishapona unaweza kusema kwenye kikao, bila kujitaja, kwamba mhudumu wa afya ameshauri kila mtu mwenye dawa yoyote aulize kwanza, na kila mmoja atume kipimo chake badala ya lita nne. Mnaweza hata kugeuza changamoto iwe ya kuacha soda, nayo ingewafaa wote. Au unaweza kusema mbele yao wote kwamba una presha, uone ni mikono mingapi itainuka. Hilo la mwisho silisukumi. Nimeliweka tu mezani.

Sijui utachagua lipi, na sioni vibaya ukichagua moja wiki hii na jingine mwezi ujao. Mkopo wako hauna uhusiano na chupa; utaumaliza kwa marejesho, na wifi anajua hivyo.

Usiku wa leo mwombe mume wako asome ukurasa huu pamoja nawe, hasa sehemu ya mwanzo. Mwambie kwamba ukianza kutapika, kichwa kikizidi, ukizungumza maneno yasiyoeleweka, ukilegea au ukishtuka mwili kwa degedege, asingoje asubuhi na asikupe maji mengine. Akuchukue moja kwa moja hospitali yenye huduma ya dharura, na jambo la kwanza awaambie ni kidonge unachomeza na kiasi cha maji ulichokunywa. Weka pakiti ya dawa kwenye mkoba wako sasa hivi, kabla ya kulala.